MWANADAMU HUONA KOTI, MUNGU HUONA MOYO

Na Karani wa Serikali

Ndugu wasomaji, kabla sijathubutu kunena neno juu ya mambo ya Mungu, nataka kuwasimulia jambo la aibu lililonipata mimi mwenyewe. Kwani mwenye kutaka kuwaonya wengine yampasa kwanza aonyeshe kovu lake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa fedha katika ofisi moja ya serikali. Barabara ilikuwa imepanuliwa, na watu waliokatiwa miti na migomba yao walikuwa wakilipwa fidia. Kwa siku mbili nilikaa dirishani nikihesabu noti. Siku ya kwanza jioni, nilipofunga hesabu, nikaona fedha zimepungua, na upungufu wenyewe ulikuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Kila karani ajua maana yake: fedha zikipungua dirishani, mwenye dirisha hulipa. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi yake nikawatazama watu waliosimama mstarini, nikitafuta uso wa yule aliyepokea zaidi akanyamaza. Je, mwadhani niliwatazama watu wa namna gani? Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwa wenye miguu mitupu na nguo zilizochakaa. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye koti la zamani lililotiwa viraka vya rangi mbili. Alipofika dirishani na kuanza kusema, nikamkatiza, nikamwambia, "Mzee, wewe ulilipwa jana. Kaa kando, usitupotezee wakati." Papo hapo akatokea bwana mmoja mwenye suti, tai na viatu ving'aavyo. Huyo nikamwita mbele ya wote, nikamwamkia kwa adabu, nikamhudumia bila yeye kusimama mstarini hata dakika moja. Yule mzee akaenda kuketi chini ya mti.

Alasiri, watu walipokwisha, mzee akarudi dirishani. Hakuomba kitu. Alifungua fundo la kitambaa, akaziweka noti mbele yangu, akasema, "Mwanangu, jana ulinipa na fedha zisizo zangu. Nilizihesabu nyumbani, na mjukuu wangu asomaye akazihesabu pia. Nimezirudisha." Nikazihesabu. Zilikuwa zile zile zilizopungua, kamili. Ulimi wangu ukawa mzito. Nilipopata sauti nikamwomba radhi, nikamwuliza kwa nini alivumilia kukaa kutwa nzima baada ya maneno yangu mabaya, hali angaliweza kwenda zake na fedha zile, wala hakuna mtu ambaye angalijua. Akanijibu, "Mwanangu, si wewe niliyemwogopa." Kisha akashika fimbo yake, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nikamwona kanisani. Alikuwa ameketi katika kiti cha mwisho, karibu na mlango. Nikaambiwa kwamba ameketi hapo miaka mingi. Mimi niliketi mbele pamoja na makarani na walimu, wala sikuwahi kugeuza shingo.

NYUMBANI KWA YESE

Tangu siku hiyo nimeisoma kwa macho mengine ile habari iliyomo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Wengi wetu twaijua tangu shule ya Jumapili, na huenda kuijua kwetu ndiko kutufanyako tusiisikie tena.

Nabii Samweli alitumwa Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, ili ampake mafuta mmoja wa wanawe awe mfalme mahali pa Sauli. Alipomwona Eliabu, mzaliwa wa kwanza, kijana mrefu mwenye umbo la kupendeza, Samweli aliwaza moyoni kwamba bila shaka huyu ndiye. Mungu akamkataza asiitazame sura yake wala urefu wa kimo chake, maana Yeye hatazami kama wanadamu watazamavyo. Wana saba wakapita, na wote saba wakakataliwa. Ndipo Samweli alipouliza kama hakuna mwingine, akaambiwa kwamba yuko mdogo wao, naye yuko malishoni na kondoo.

Hapa pana mambo mawili yafaayo kuangaliwa sana. La kwanza ni kwamba aliyekosea hakuwa mlevi wala mpagani. Alikuwa Samweli, mtu aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utoto wake. Tena alikuwa amekwisha kuonywa na mambo ya zamani, kwa kuwa Sauli naye alikuwa mrefu kuwapita watu wote kuanzia mabegani kwenda juu, na utawala wake uliishia katika uasi na wivu. Hata hivyo, alipoona kimo kingine kirefu, nabii alisahau. Ikiwa Samweli alidanganywa na macho yake, sisi tunaokaa madirishani na katika mabaraza tujiangalie.

La pili ni kwamba hata baba mzazi hakumhesabu Daudi. Mgeni mkubwa amekuja, sadaka imetayarishwa, wana wote wameitwa, na huyu mmoja ameachwa na mifugo. Hakuna aliyemchukia, ila hakuna aliyemkumbuka. Watu wengi hudharauliwa namna hiyo. Hawatukanwi, bali husahauliwa tu.

Katika sura ya 17 twaona Eliabu alikuwa mtu wa namna gani. Kwa siku 40 Goliathi aliwatukana Waisraeli asubuhi na jioni, na Eliabu alikuwa kambini pamoja na jeshi lililojawa na hofu. Daudi alipofika na chakula alichopewa na baba yake, akauliza habari za Mfilisti yule, Eliabu akamkasirikia, akamwuliza wale kondoo wachache amemwachia nani. Kimo kilikuwapo, lakini moyo wa kwenda bondeni haukuwapo. Wazee wetu wa pwani walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MFALME NA ASKARI WAKE

Lakini tusidhani kwamba kuchaguliwa kwa ajili ya moyo ni cheti cha kudumu, ambacho mtu hukitundika ukutani akalala. Daudi huyo huyo, alipokuwa amekwisha kuketi katika nyumba ya kifalme, alimtwaa mke wa Uria Mhiti wakati Uria alipokuwa vitani. Ili kuficha dhambi yake akamwita Uria aje Yerusalemu, akamwambia aende kwake akapumzike. Uria hakwenda. Alilala mlangoni pa nyumba ya mfalme pamoja na watumishi, akisema kwamba haifai yeye kula na kunywa nyumbani mwake hali wenzake wamelala mahemani uwandani.

Watazameni watu hawa wawili. Mmoja ni mfalme wa Israeli, mwenye taji, na nyimbo za sifa zimekwisha kuimbwa kwa ajili yake. Wa pili ni askari mwenye asili ya kigeni, aliyelala sakafuni. Siku ile, mbele za Mungu, ni nani aliyekuwa mkubwa? Daudi akampa Uria barua ampelekee jemadari Yoabu, na barua hiyo ndiyo iliyoagiza kwamba Uria auawe. Uria aliichukua kwa uaminifu mpaka mwisho wa njia.

Baadaye nabii Nathani alikuja akamweleza Daudi mfano wa tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi aliposikia kwamba mtu huyo ndiye yeye, hakumwita askari amtoe nabii nje, wala hakujitetea kwa cheo chake. Alikiri kwamba amemkosa Bwana. Hivi ndivyo nionavyo mimi: moyo aupendao Mungu si moyo usioanguka kamwe, bali ni moyo ukubalio kuhukumiwa. Absalomu, mwana wa Daudi, alisifiwa katika Israeli yote kwa uzuri wake, hata uzito wa nywele zake uliandikwa, shekeli 200 alipokatwa. Lakini uzuri huo haukumzuia kuuiba ufalme wa baba yake, akaishia kunaswa katika matawi ya mwaloni na kuuawa.

MATUNDA YA KWANZA YA RABAI

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi wa kale. Basi na tuje kwetu, tuitazame Rabai, karibu na Mombasa.

Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, na mtoto wao mchanga akafa pia. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakafanya makao Rabai. Krapf alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Aliota mlolongo wa misheni utakaokatiza Afrika yote, kutoka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi. Kwa hiyo alisafiri kuwatafuta wakuu. Mwaka 1848 alikwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, na mwaka 1849 alikwenda Ukambani kwa Kivoi, mfanyabiashara mwenye nguvu na sifa nyingi. Si ajabu. Mtu ye yote mwenye akili angefikiri kwamba mkuu akiamini, watu wake wote watafuata.

Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi njiani, karibu na mto Tana, naye Krapf akaponea chupuchupu, akarudi peke yake kwa njaa na kiu. Mlolongo ule hakuuona kwa macho yake.

Mtu wa kwanza wa Rabai kulipokea neno na kubatizwa hakuwa mfalme wala tajiri wa misafara. Alikuwa Mringe, maskini, kiwete wa mwili, naye alibatizwa alipokuwa karibu kufa. Hakuishi hata awe mwalimu au mzee wa kanisa. Kama angaliandikwa katika daftari la karani kama mimi, ningalimwandika kuwa hasara: miaka ya taabu, makaburi mawili, na faida yake ni kiwete mmoja aliyekwisha kufa. Walakini kila anayeieleza historia ya kanisa katika Kenya humtaja Mringe mwanzoni.

Tena Rabai hiyo hiyo yatupa mfano wa pili. William Henry Jones alitekwa utotoni akauzwa utumwani. Aliokolewa baharini na meli ya Waingereza, akalelewa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, kisha akarudishwa Afrika katika miaka ya 1860 kuwa mfanyakazi wa misheni. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda, na askofu alipouawa Busoga mnamo Oktoba, Jones ndiye aliyewaongoza watu waliosalia, akawarudisha Rabai mwanzoni mwa 1886. Miaka ile mamia ya watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walipata hifadhi Rabai, alipokuwa mkuu wa kituo. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki iliwalipa mabwana wale fidia, watu hao wakapewa hati za uhuru. Hebu fikirini: mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuuzwa kama bidhaa sokoni akawa kimbilio la wengine waliotiwa bei. Soko lilikuwa limekosea hesabu.

JE, CHEO NA USAFI NI DHAMBI?

Najua kwamba wako wasomaji watakaoniuliza, "Je, Bwana Karani, wataka tuache viatu, tuache elimu, tukae katika matambara ili tumpendeze Mungu?" Hasha! Biblia yenyewe yakataza kufikiri hivyo. Daudi alipoletwa kutoka malishoni, imeandikwa kwamba alikuwa kijana mwenye macho mazuri na sura ya kupendeza. Mungu hakumchagua kwa kuwa hakuwa na uzuri, wala hakumkataa Eliabu kwa kuwa alikuwa mrefu. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, naye ndiye aliyeutoa mwili wa Yesu msalabani na kuuweka katika kaburi lake mwenyewe. Kornelio alikuwa akida wa jeshi, na Danieli alikuwa mtu mkubwa katika serikali ya kigeni. Elimu, nguo safi na kazi nzuri ni karama, na apataye karama amshukuru Mungu. Tena kuna kiburi cha suti, na kuna kiburi cha matambara. Maskini amdharauye jirani yake kwa kuwa amejenga nyumba ya bati, akijisifu kwamba yeye peke yake ndiye mtu wa kiroho, amevaa koti jingine tu.

Neno ni hili: Mungu hatumii mizani yetu. Wakulima wa kahawa watanielewa upesi. Matunda mekundu yamiminwapo majini, mengine huzama na mengine huelea. Yale yaeleayo ni mekundu vile vile, tena pengine yang'aa kuliko wenzake, ila ndani punje ni tupu au imeliwa na wadudu. Maji hayaulizi rangi. Na makarani wenzangu watanielewa pia: daftari laweza kuandikwa kwa hati nzuri ya kupendeza, mistari imenyoka na wino haukumwagika, lakini mkaguzi akijumlisha aone fedha hazipo. Mkaguzi hakuja kusifu mwandiko.

Tena nataka kuwaonya wale wapendao kusema, "Mungu aujua moyo wangu," kila wanapokosolewa kwa matendo mabaya. Naam, aujua, na hilo lingetutia hofu kuliko kutufariji. Moyo si mahali pa kufichia uovu. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia, aliyataja matunda ya Roho kuwa upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengineyo, na matunda ni kitu cha kuonekana na kuliwa. Moyo wa yule mzee niliuona katika zile noti alizozirudisha.

VITI VYA MBELE

Basi, yatupasa kufanya nini? Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea Wakristo wa zamani kwa jambo ambalo ungedhani ameliona katika makanisa yetu. Mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri akiingia huonyeshwa mahali pazuri pa kuketi, na maskini huambiwa asimame au aketi chini. Yakobo hakuiita hiyo adabu kwa wageni. Aliiita hukumu yenye mawazo maovu.

Na tujichunguze. Tuchaguapo wazee wa kanisa, je, twauliza ni nani alipaye madeni yake, amtunzaye mkewe kwa heshima, na asemaye kweli hata ikimdhuru, au twauliza ni nani mwenye gari? Katika michango, majina ya waliotoa fedha nyingi husomwa kwa sauti kuu na kupigiwa makofi. Yesu aliketi kuielekea sanduku ya hazina katika hekalu la Yerusalemu, akawaona matajiri wakitia mengi, lakini akawaita wanafunzi wake awaonyeshe mjane aliyetia sarafu mbili ndogo tu. Hakusema kwamba sadaka za matajiri hazina maana. Alisema kwamba mjane ametia kuliko wote, kwa kuwa wao walitia katika ziada yao, na yeye alitia riziki yake yote. Yesu alihesabu pia kile kilichobaki mfukoni, hesabu ambayo hakuna mweka hazina aifanyaye.

Nyumbani nako, wazazi, tuangalie tusiwe kama Yese. Yuko mtoto apitaye mtihani, naye huvikwa viatu vipya na kuonyeshwa wageni. Yuko mwingine asiyejua hesabu sana, lakini ndiye aamkaye usiku kumpa bibi yake maji. Wageni wajapo, huyo huwa malishoni. Mwiteni naye aje mezani.

Na mwisho nasema nasi tuliopewa dirisha, meza au mhuri. Kila siku watu husimama mbele yetu, na kwa dakika chache tu tuna uwezo wa kuwafanya wajione kuwa watu au kuwa takataka. Mimi sina macho ya kuona moyo wa mtu. Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja: aliyetangulia ahudumiwe kwanza, awe na viatu au hana, na mtu anapoanza kusema nimwache amalize neno lake. Sheria hiyo ni ndogo sana. Lakini kama ningaliifuata siku ile, mzee yule angalifika kwake kabla ya jua la adhuhuri, nami nisingalikaa kutwa nzima nikiwatafuta wezi katika nyuso za watu waaminifu.

Kwa muda niliobaki katika kituo kile, kila Jumapili nilikwenda kuketi karibu naye, katika kiti cha mwisho. Hakutaja habari za zile fedha hata mara moja. Alinisogezea nafasi tu, na kwa kuwa yeye hakujua kusoma, mimi nikawa nikimtafutia nyimbo katika kitabu.